Shinjuku Haina Mwenyewe Mmoja

Kwenye ramani ya reli za chini ya ardhi za Tokyo, njia ya Oedo inafika Shinjuku mara mbili. Inafika kwanza kwenye kituo cha Shinjuku-nishiguchi, namba E-01. Inafika tena kwenye kituo kinachoitwa Shinjuku, basi, namba E-27. Katikati yao kipo Tochomae, E-28, jirani na minara ya serikali ya jiji. Njia yenyewe ina umbo la tarakimu 6, na hapo ndipo kitanzi kinapokutana na mkia. Kwa hiyo ukimwambia mgeni wako "shuka Shinjuku, nakungoja hapo", atashuka Shinjuku kweli, nawe utamngoja Shinjuku kweli, na mtatafutana mpaka simu ziishe chaji.

Kitabu cha rekodi cha Guinness kinaitaja Shinjuku kuwa stesheni yenye abiria wengi kuliko zote duniani. Kabla ya Uviko-19 walikuwa wakipita hapo zaidi ya watu milioni 3.5 kwa siku, na milango ya kutokea inazidi 200. Kila anayeandika habari za stesheni hii huanza na takwimu hizo, na wengi huishia hapo hapo, kana kwamba wingi wa watu na milango unatosha kueleza kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake na ramani mkononi, anazunguka nusu saa akitafuta treni iliyo mita mia moja tu kutoka pale alipo. Hautoshi. Ukubwa unachosha miguu. Kinachowapoteza watu Shinjuku ni mipaka.

Tunaiita stesheni kwa mazoea, kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna JR East, mrithi wa shirika la reli la serikali lililobinafsishwa mwaka 1987. Kuna Odakyu na Keio, kampuni binafsi zinazobeba watu wa vitongoji vya magharibi. Kuna Tokyo Metro na njia yake ya Marunouchi. Kuna Toei, mali ya serikali ya jiji, yenye njia mbili. Hao ni watano, na kila mmoja ana majukwaa yake, mageti yake, wafanyakazi wake na sare zao. Wa sita, Seibu, ana stesheni yake ya Seibu-Shinjuku kaskazini kidogo; mpango wa kuisogeza ifike kwa wenzake uliachwa, na mpaka leo abiria wake wanatembea.

Hakuna aliyekaa chini akaupanga mkusanyiko huu. Mwaka 1885 kampuni binafsi ya Nippon ilipitisha reli yake nje kidogo ya mji, ikaweka kituo karibu na Naito-Shinjuku, mahali ambapo wasafiri wa barabara ya Koshu walizoea kulala na kubadilisha farasi. Hata kabla ya treni, basi, watu walikwenda pale ili kushuka chombo kimoja na kupanda kingine. Mwaka 1889 kampuni ya pili, Kobu, ikaanzisha reli kutoka hapo kwenda Tachikawa. Keio ikafika mwaka 1915, upande wa mashariki, ikipita juu ya reli za wenzake kwa daraja. Mashambulizi ya mabomu ya 1945 yakaharibu mitambo yake ya umeme, treni zikakosa nguvu ya kupanda mwinuko wa daraja lile, ikahamia magharibi na haikurudi tena. Odakyu ilikuwa imeshafika mwaka 1927. Marunouchi ikaja 1959. Keio ikaongeza njia mpya chini ya ardhi mwaka 1978, treni za Toei zikaungana nayo 1980, na miaka ya 1990 Oedo ikachimbwa chini ya wote. Aliyekulia kwenye mtaa uliojengwa juu ya kiwanja kilichouzwa kipandekipande ataielewa Shinjuku haraka: kila mnunuzi kajenga ukuta wake, kaelekeza mlango anakotaka yeye, na njia ya kupita ni kile kilichosalia.

Mipaka imo hata kwenye chuma. Reli za JR na Odakyu zina upana wa milimita 1067. Za Keio zina 1372, kipimo kilichorithiwa kutoka kwa tramu zilizokokotwa na farasi katika Tokyo ya karne ya 19. Marunouchi na Oedo zina 1435. Treni ya Keio haiwezi kuingia kwenye reli ya JR hata ikikaribishwa kwa mikono miwili.

Msomaji wa Dar es Salaam hatashangaa. Milimita 1067 ndicho kipimo cha TAZARA, iliyojengwa hivyo ili treni ziweze kuendelea na safari kwenye reli za Zambia na kusini zaidi. Reli ya Kati, tangu enzi za Wajerumani, ni milimita 1000. SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, ni 1435. Vipimo vitatu katika jiji moja, sawasawa na Shinjuku. Abiria aliyetoka Mbeya kwa TAZARA na anataka kwenda Dodoma kwa SGR anashuka barabara ya Nyerere, anakumbatia mizigo yake, anapatana na bodaboda au anagombania daladala hadi katikati ya mji. Kwetu mpaka kati ya reli na reli una jua, vumbi na nauli, na hakuna anayeuvuka bila kujua. Shinjuku mpaka ule ule umetandikwa vigae, umewekewa taa na duka la mikate, na mtu anauvuka huku akidhani bado yuko alipokuwa.

Mahali pekee mpaka huo unapojionyesha ni kwenye geti. Nimewahi kukaa kando ya mageti hayo nikiyatazama tu, na nakubali ni starehe ya ajabu. Ni vibanda vifupi vya kiunoni vilivyopangwa safu, na kila kimoja kina sehemu ya kugusishia kadi. Watu hawasimami, mkono unatangulia, kadi inagusa, mlio mfupi, mwili unafuata. Kisha mmoja anagusa na salio halitoshi, au kadi yake haina kumbukumbu kwamba aliingia mahali fulani. Vibawa viwili vinafunga mbele ya mapaja yake, taa nyekundu inawaka, mlio unakuwa mwingine. Aliye nyuma yake haguni wala hasonyi. Anakata pembeni kwenda geti la jirani, na wote wanaomfuata wanakata pamoja naye, mpaka yule bwana wa salio anabaki amesimama peke yake, watu wakimpita kulia na kushoto, akipapasa koti lake.

Kadi hizo zilikuja kutuliza mambo. JR East walianzisha ya kwao, Suica, Novemba 2001. Kampuni binafsi na reli za chini wakaleta PASMO Machi 2007, na tangu siku hiyo kila kadi ikakubalika kwenye geti la mwenzake. Ukitoka JR kwenda Odakyu au Keio kuna mageti maalumu ya kuunganishia: unagusa mara moja, hesabu ya kampuni moja inafungwa na ya nyingine inafunguliwa papo hapo. Mfuko haujui tena kwamba umevuka mpaka. Miguu inajua. Ukilikosa geti la kuunganishia ukapita la kawaida, umeshatoka, nauli imeshakatwa, na uko mbele ya duka la vipodozi ukijiuliza treni imekwenda wapi.

Waongozaji wengi humwambia mgeni ashike dira: mashariki kuna burudani za Kabukicho, magharibi kuna maghorofa ya ofisi, kusini kuna mabasi ya mikoani. Ni kweli, ila kwa mtu anayeshuka kwenye treni ya JR swali la kwanza ni juu au chini. Majukwaa ya JR, ambayo ni 16, yako usawa wa ardhi. Mageti ya Mashariki na ya Magharibi yako chini yake. Geti la Kusini liko juu, kwa sababu barabara ya Koshu, ile ile ya farasi, inavuka reli kwa daraja. Kwa hiyo ngazi za mwisho wa kusini zinapanda na zile za katikati na kaskazini zinashuka. Mtu anayetafuta Magharibi akipanda kwa sababu wengine wanapanda, atajikuta juu ya daraja, upepo unampiga usoni, magari yanapita, na reli zote ziko chini ya miguu yake. Hapo hata ramani ya simu inaweza kumdanganya. Kinukta chake cha buluu kiko mahali sahihi kabisa, ila ghorofa siyo.

Na geti la Kusini lina ndugu. Kuna Kusini, kuna Kusini Mpya, kuna Kusini-Mashariki, na hayo ni ya JR peke yake. Mashariki nako kuna Mashariki na Mashariki ya Kati. Majina yanafuata mantiki kwa aliyeyatoa. Kwa aliye mbioni ni makelele.

Magharibi, chini ya ardhi, kuna uwazi mkubwa uliobuniwa na msanifu Sakakura Junzo na kukamilika mwaka 1966. Katikati pameachwa tundu pana linaloonyesha mbingu, na magari yanashuka kwa kuzunguka kandokando yake. Kwa mradi wa reli na maegesho, ni mahali pazuri isivyotarajiwa. Mwaka 1969 vijana walianza kukusanyika hapo jioni za Jumamosi na magitaa, wakiimba nyimbo za kupinga vita vya Vietnam. Shinjuku ilikuwa na uhusiano wake na vita hivyo: mafuta ya ndege za jeshi la Marekani yalisafirishwa kwa treni kupitia stesheni hii, na Agosti 1967 treni ya mafuta iligongana na nyingine hapo na kulipuka moto. Umati wa waimbaji na wasikilizaji ukafika maelfu. Julai 1969 vibao vikabadilishwa. Pale palipoandikwa kwamba ni uwanja pakaandikwa kwamba ni njia ya kupita. Ukuta ulikuwa ule ule na sakafu ile ile, lakini polisi sasa walikuwa na la kusema: hapa hapasimamwi, endelea kutembea.

Kisa hicho ni cha siasa, na kinafaa kukumbukwa hivyo. Lakini naona kilitamka hadharani kanuni ambayo stesheni kubwa zinaifuata bila kuitamka: aliyesimama ni kikwazo. Sakafu, taa, matangazo, upana wa ngazi, vyote vimepimwa kwa ajili ya anayetembea. Na mtu aliyepotea, kabla ya ramani, kabla ya msaada, anahitaji kusimama. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema uulizie wapi, nyuma yako kukiwa na umati wa saa mbili asubuhi.

Ndiyo maana napenda habari za Sato Shuetsu. Huyu alikuwa mlinzi, si mchoraji wala msanifu. Miaka michache baada ya 2000, JR ikiwa katika ukarabati, alipangwa Shinjuku kuongoza watu kwenye njia za muda. Kazi ya mlinzi wa namna hiyo ni kuonyesha mkono na kupaza sauti siku nzima, na sauti ya mtu mmoja haifiki mbali kwenye korido ile. Watu walikuwa wakimuuliza mambo yale yale. Akachukua utepe wa gundi, ule mpana wa kufungia maboksi, akaanza kuandika ukutani.

Inafaa kutazama jinsi alivyofanya. Herufi za Kijapani zina mistari mingi, mingine ikipinda na mingine ikikatana mahali finyu. Utepe haupindi; ukiulazimisha unakunjamana. Kwa hiyo alibandika vipande vilivyonyooka, kimoja juu ya kingine, kisha akazichonga kona kwa kisu mpaka zikawa duara. Kila mstari ukapata unene mmoja na kila kona mviringo mmoja laini. Herufi zilikuwa kubwa, za rangi kali, zikifuatwa na mshale. Hakuna aliyemtuma. Wapita njia wakaanza kupiga picha, filamu fupi ikatengenezwa, na wabunifu wa maandishi wakaupa mtindo wake jina: Shuetsu-tai. Baadaye alibandika vibao vya namna hiyo kwenye stesheni ya Nippori pia.

Sifa nyingi anazopewa zinahusu uzuri wa herufi. Uzuri upo. Mimi naona jambo jingine: herufi zile zilisomeka kwa mtu anayetembea, kutoka mbali, bila kupunguza mwendo. Mlinzi ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha watu hawasimami aligundua kwamba njia ya kuwafanya wasisimame ni kuwaambia mapema wanachotaka kujua. Waliobadilisha vibao mwaka 1969 walikuwa na lengo hilo hilo la kuwafanya watu waendelee kutembea, na tazama walivyolifikia.

Vibao rasmi vya Shinjuku si vibaya. Ni safi, vina taa, vina lugha kadhaa, na rangi ya njano inakuambia hapa ni pa kutokea. Shida yao ni kwamba kila kibao ni mfanyakazi wa fulani. Cha JR kinakupeleka vizuri sana ndani ya JR. Cha Odakyu vivyo hivyo kwao. Inapofika mahali umiliki unapokoma, sauti inabadilika, herufi zinabadilika, na jina la kituo unachokwenda linaweza kutoweka kwa korido nzima kisha likajitokeza tena dogo, pembeni, chini ya tangazo. Kuelekea Olimpiki za Tokyo za 2020 serikali ya jiji ililazimika kuwakalisha wenye mali meza moja wakubaliane angalau juu ya majina na alama. Mambo yamekuwa nafuu. Lakini kibao hakibomoi ukuta.

Ukuta mmoja ulibomolewa, na ilichukua miaka 135. Kwa muda wote huo mtu aliyetaka kuvuka stesheni kutoka mashariki kwenda magharibi alikuta njia iliyonyooka imo ndani ya mageti ya JR. Alinunua tiketi ya kuingilia tu, au alizunguka. Tarehe 19 Julai 2020 JR waliyarudisha mageti yao pembeni, njia ikapanuliwa kutoka mita 17 hadi 25, na mita 100 hizo zikawa za kila mtu. Olimpiki zilizoharakisha ujenzi zilikuwa zimeahirishwa, na mji ulikuwa bado unahofia ugonjwa. Ni wachache waliokuwepo kufurahia.

Sasa wanabomoa mengine. Duka kubwa la Odakyu lililosimama juu ya lango la Magharibi tangu 1967 lilifungwa 2022 ili pajengwe mnara. Upande wa mashariki, jengo la Alta na televisheni yake kubwa ya nje, mahali ambapo vizazi viwili vya watu wa Tokyo vilikuwa vikiahidiana kukutana, lilifunga milango Februari 2025. Mwenyeji aliyekuwa akijiongoza kwa majengo hayo amerudishwa kwenye ugeni.

Ingawa, kusema kweli, wenyeji nao hawaijui Shinjuku. Mfanyakazi anayepita pale kila asubuhi kwa miaka mingi anajua behewa lipi apande na mlango upi asimame ili akishuka awe mbele ya ngazi zake, na baada ya hapo miguu inajiendea. Mwambie aende Oedo badala ya Keio, naye ataanza kutazama juu kama watalii. Msanifu Tanaka Tomoyuki aliichora stesheni hii kwa kalamu ya wino kana kwamba imepasuliwa, ngazi kwa ngazi, sakafu juu ya sakafu, handaki chini ya handaki. Ni mchoro wa kustaajabisha, na haujamsaidia mtu yeyote kuwahi treni.

Ipo sehemu ambapo kubadilisha treni Shinjuku ni kazi nyepesi kabisa. Ukitoka Ikebukuro kwa treni ya Yamanote, yenye mstari wa kijani, nawe unakwenda Yotsuya au Chiba, usitafute ngazi, usisome kibao. Unashuka jukwaa namba 14, unageuka, unavuka upana wa sakafu hadi namba 13, unapanda treni yenye mstari wa njano. Hakuna geti, hakuna kadi, na mwenye fimbo anaweza kufanya hivyo bila kukimbizwa. Ya kijani inapita kwenye njia ya Nippon ya 1885, na ya njano ni ya ukoo wa Kobu ya 1889. Zilikuwa kampuni mbili, kila moja na reli yake na faida yake, mpaka serikali ilipozinunua zote mwaka 1906. Keio na Odakyu hawakuwa wamefika bado. Ukienda kwao unashuka ngazi, unafuata korido, unapiga kona, unatafuta geti.